Kijiko cha Kwanza Kisiwahi, Wala Kisichelewe

Ndugu wazazi, bibi na babu zetu, na ninyi akina baba mliokuja mkidhani kikao hiki ni cha akina mama: karibuni, na asanteni. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto. Swali ninaloulizwa kuliko yote si la chanjo wala la homa. Ni hili: "Nesi, huyu nimwanzishie lini chakula?" Mara nyingi anayeuliza ameshapewa majibu nyumbani, kwa jirani na kwenye simu yake, na kila jibu linakwenda njia yake.

Jibu fupi nalitoa mapema, ili mwenye haraka aondoke nalo. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati na mwenye afya aanzishiwe chakula akitimiza miezi 6. Nasema akitimiza, kwa sababu wapo wanaosema "ameingia mwezi wa sita" na kumbe mtoto ana miezi mitano na siku chache. Hesabu siku 180 tangu azaliwe. Kabla ya hapo maziwa ya mama pekee yanamtosha, na maji hahitaji hata wakati wa joto, maana maziwa yenyewe karibu asilimia 88 ni maji. Akianza kula, aendelee kunyonya mpaka afike miaka 2 au zaidi. Mtoto anayetumia maziwa ya kopo naye chakula chake huanza umri huo huo. Ndivyo linavyoelekeza Shirika la Afya Duniani, na lilipotoa mwongozo mpya wa ulishaji wa watoto mwaka 2023, umri huo halikuugusa.

Naona hakuna aliyeondoka. Basi tuendelee.

Kwanza tuwatendee haki wazee wetu. Mama yako akikwambia "wewe ulianza kula na miezi mitatu, na mbona umekua?", hasemi uongo. Alifuata kilichosemwa wakati wake, na waliokuwa wakisema walikuwa ni sisi watu wa afya. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wengi wa Ulaya na Marekani walisisitiza mtoto asipewe chakula kigumu mpaka akaribie mwaka mmoja. Haikupita miaka mingi wakakimbilia upande wa pili. Mwaka 1962 daktari mmoja wa Florida, Walter Sackett, alichapisha ratiba yake ya kulisha: nafaka siku ya 2 au ya 3 baada ya kuzaliwa, mayai na nyama ya nguruwe mtoto akiwa na wiki 9, na akifika miezi 6 anywe kahawa nyeusi ili azoee meza ya nyumbani kwao. Mnacheka. Huyu alikuwa daktari kamili mwenye wagonjwa wake, na wapo wazazi waliomfuata. Baadaye mambo yakatulia kwenye miezi 4 hadi 6, na Shirika la Afya Duniani nalo lilisema hivyo mpaka mwaka 2001, lilipotamka miezi 6 baada ya kupitia tafiti zilizokuwepo. Mmojawapo ulifanyika Belarus, ukihusisha zaidi ya akina mama 17,000 na watoto wao. Walionyonya maziwa ya mama tu kwa miezi 6 walipata maambukizi machache zaidi ya tumbo na utumbo kuliko waliochanganyiwa baada ya miezi 3, na ukuaji wao haukurudi nyuma.

Sasa niwaambie kisa cha karatasi, kwa kuwa kimewaponza watoto wengi na hakitajwi sana. Kila mtoto ana kadi yenye chati ya ukuaji, ile yenye mistari inayopanda. Kwa miaka mingi chati iliyotumika sehemu kubwa ya dunia ilitokana na vipimo vilivyochapishwa Marekani mwaka 1977, na watoto wadogo waliopimwa walikuwa wa eneo moja la Ohio, wengi wao wakilelewa kwa maziwa ya kopo. Shida ni kwamba mtoto anayenyonya haongezeki uzito kwa mwendo ule ule. Hunenepa haraka miezi miwili mitatu ya mwanzo, kisha hupunguza kasi. Ukimweka kwenye chati ya mwenzake wa kopo, akifika mwezi wa nne hivi mstari wake unaanza kuinama, ingawa mtoto mwenyewe hana tatizo lolote. Nesi anaangalia kadi, anatikisa kichwa, anamwambia mama: "Maziwa yako hayamtoshi, mwanzishie kitu." Mama anakwenda kukoroga uji.

Shirika la Afya Duniani likaamua kupima upya. Likawafuatilia watoto wanaonyonya, wenye afya, katika nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Chati mpya zikatoka mwaka 2006, na mtoto anayenyonya akaonekana anakua kama inavyotakiwa. Kwa hiyo mzazi, ukiambiwa uzito "umeshuka" akiwa na miezi minne, uliza maswali mawili kabla hujashika sufuria. Je, uzito umepungua kweli, au umeongezeka ila kidogo kuliko mwezi uliopita? Na je, ananyonya vipi: amekaa vizuri titi mdomoni, anameza, ananyonya usiku? Mara nyingi dawa ya mtoto wa umri huo ni kunyonyeshwa zaidi. Na kama uzito umepungua kweli, aonwe na daktari ili ijulikane sababu. Kijiko cha uji hakitaiambia familia mtoto anaumwa nini.

Mwezi huo huo wa nne una mtego mwingine: usiku. Mtoto aliyekuwa akilala vizuri anaanza kuamka kila mara. Anatafuna ngumi. Anatoa udenda hadi shingo inalowa. Na mkikaa kula, macho yake yanafuata kila tonge. Watu wa nyumbani wanasema kwa sauti moja: huyu ana njaa, ziwa limemshinda.

Ngumi na udenda ni sehemu ya kukua. Anaujua mwili wake kwa mdomo. Kukutazama ukila si dalili pia. Angekutazama hivyo hivyo ukichana nywele. Kuamka usiku ni jambo la kawaida umri huo, na hapa nitawaeleza ukweli wote, si nusu. Uko utafiti wa Uingereza ambapo kundi moja la watoto lilianzishiwa chakula kuanzia miezi 3, huku likiendelea kunyonya, na kundi la pili likanyonya tu mpaka miezi 6. Waliokula mapema walilala zaidi, ndiyo. Tofauti ilipokuwa kubwa kabisa, ilikuwa kama robo saa kwa usiku. Sasa wewe mwenyewe pima: robo saa ya usingizi, kwa kazi yote ya kupika, kuosha vyombo na hatari ya kuhara. Mimi ningenyonyesha nikalala.

Na wale wanaotia uji kwenye chupa na kupanua tundu la chuchu kwa sindano ya moto ili mtoto ashibe alale: acheni. Uji mzito unamiminika kooni haraka kuliko anavyoweza kumeza, na hana namna ya kusema imetosha.

Basi tutajuaje kwamba yuko tayari? Umri unafungua mlango, mwili wa mtoto ndio unaothibitisha. Wapo wanaoonyesha dalili zote siku chache kabla ya miezi 6, na wapo wanaohitaji siku chache za ziada. Madaktari wa watoto wa Ulaya wanaruhusu nafasi pana kidogo kuliko Shirika la Afya Duniani: wanasema isiwe kabla ya miezi 4 kamili, wala isicheleweshwe kupita miezi 6. Angalieni kwamba pande zote mbili zinakutana pale pale, kwenye miezi 6, na hakuna anayesema ngoja mpaka wa nane.

Fanyeni hivi nyumbani. Mkalishe mtoto mbele yako, mtazamane, mshike kiunoni tu. Kichwa kinasimama imara na kugeuka huku na huku, au kinaangukia kifuani? Kama kinaanguka, hapo hapo umeshapata jibu lako. Kama kinasimama, kamua maziwa yako kidogo, chovya kijiko kidogo, ukiguse mdomo wake wa chini. Usikisukume ndani. Mtoto ambaye bado atatoa ulimi na kukisukuma kijiko nje. Maziwa yatamtiririka kidevuni, nawe ukiyarudisha kwa kidole, ulimi utayatoa tena. Hajakataa, wala si mkorofi. Hiyo ni kinga aliyozaliwa nayo ili vitu vigeni visiingie kooni, na kwa watoto wengi hufifia kati ya mwezi wa 4 na wa 6. Aliye tayari hufungua mdomo kabla kijiko hakijafika, akaifunga midomo juu yake, na ukitazama koo unaona anameza. Dalili ya mwisho ni mkono: akiona kitu, anakinyakua na kukifikisha mdomoni bila kukipotezea njiani kwenye shavu.

Meno msiyahesabu. Kuna anayeota jino na miezi minne, na kuna anayekaribia mwaka ana ufizi mtupu, na ufizi huo unaponda chakula laini bila shida.

Hadi hapa nimezungumza na wanaowahi. Nusu ya pili ya hotuba hii ni ya wanaochelewa, na nakiri hao ndio wananitia wasiwasi zaidi siku hizi, kwa sababu wanachelewa wakiamini wanafanya vyema. Mama ameshika neno "maziwa ya mama ndiyo bora", amelishika sawasawa, na mtoto ana miezi minane hajaonja kitu. Au amejaribu mara mbili, mtoto akakunja uso, akasema tusubiri.

Tatizo liko kwenye madini chuma. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini hayo mwilini, aliyoikusanya tumboni, hasa miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Akiba hiyo ni ghala alilofungashiwa na mama yake: anachota kila siku, na hakuna anayejaza. Maziwa ya mama yana chuma kinachofyonzwa vizuri lakini ni kidogo sana, hakifiki hata miligramu 1 katika lita nzima. Kuanzia mwezi wa 7 hadi wa 12 viwango vya Marekani vinataja miligramu 11 kwa siku. Hakuna titi litakaloziba pengo hilo, na hili si kosa la mama. Maziwa hayakukusudiwa kufanya kazi hiyo peke yake umri huo. Akiba ikikauka anakuja upungufu wa damu, na hata kabla damu haijapungua, ubongo unaokua umeshaanza kukosa. Mtoto mwenyewe hatakuambia. Atakuwa mpole tu, ananyonya, analala, na watu watamsifu kwamba hasumbui.

(Kwa wajawazito waliomo humu: muulizeni mkunga wenu kuhusu kusubiri dakika 1 hadi 3 kabla ya kufunga na kukata kitovu. Damu inayoingia kwa mtoto dakika hizo inaongeza akiba hiyo ya chuma.)

Kwa hiyo swali la lini limefungana na swali la nini. Ukianza kwa wakati lakini ukampa uji mwepesi mtupu miezi mitatu mfululizo, umechelewa vile vile. Tumbo la mtoto wa kilo 8 linabeba takribani mililita 250, kikombe kimoja. Ukilijaza maji yenye unga, limejaa na hakuna kilichoingia. Mtoto anayenyonya wa miezi 6 hadi 8 anahitaji kama kalori 200 tu kutoka kwenye chakula kwa siku, sehemu ndogo sana, ila ziwe za chakula chenye kitu ndani yake. Kipimo changu ni cha kijiko: chota, kiinamishe. Kikimwagika kama chai, rudisha jikoni. Kinachotakiwa kibaki kwenye kijiko na kidondoke taratibu. Na siku za mwanzo kabisa, pamoja na kilichopondwa chochote, awepo mtoaji wa chuma: nyama iliyopikwa na kusagwa, ini kidogo, samaki asiye na miiba, yai lililoiva, au maharage na dengu zilizopondwa pamoja na tunda au mboga yenye vitamini C, ambayo husaidia chuma cha mimea kufyonzwa. Wengi hushangaa nikisema nyama kwa mtoto wa miezi 6. Ikisagwa laini, hakuna sababu ya kuiweka mwisho wa foleni.

Anza na vijiko viwili vitatu, mara mbili hadi tatu kwa siku, akiwa macho na akiwa na hamu, si akiwa analia kwa njaa. Kuanzia miezi 9 mara tatu hadi nne. Akigeuza uso, ameshiba. Usimbane pua wala usimlaze chali. Akikataa mboga leo, mpe tena keshokutwa. Watoto wengi wanahitaji kuonjeshwa kitu kimoja mara nane, kumi au zaidi ndipo wakikubali, na mzazi wa kawaida hukata tamaa kwenye ya tatu.

Kuhusu mzio, hapa napo wataalamu tulipinduka. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri watoto walio katika hatari ya mzio wasipewe mayai mpaka miaka 2 na karanga mpaka miaka 3. Mwaka 2008 kikasema ushahidi wa kuchelewesha haupo. Kisha mwaka 2015 timu ya Gideon Lack ya London ikatoa matokeo ya watoto 640 wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai. Walioanza kula karanga wakiwa kati ya miezi 4 na 11 walipata mzio wa karanga kwa kiwango cha chini kwa takribani asilimia 80 walipofika miaka 5, wakilinganishwa na waliokatazwa. Yaani kuwaficha ndiko kulikowaumiza. Kwa mtoto wa kawaida maana yake ni kwamba yai na karanga zilizosagwa laini kabisa zisingoje siku ya kuzaliwa. Mtoto mwenye pumu kali ya ngozi, au aliyewahi kuvimba baada ya kula kitu, aonwe na daktari kwanza. Karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka 5. Zinaingia kwenye njia ya hewa.

Asali hapana kabla ya mwaka mmoja, hata ya kupaka ulimini. Inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ya kupooza kwenye utumbo wa mtoto mchanga. Chumvi na sukari hazihitaji.

Hofu ya kupaliwa inawafanya wengi waendelee kusaga kila kitu mpaka mtoto ana mwaka. Naielewa, lakini nayo ina gharama. Utafiti mkubwa wa eneo la Bristol, Uingereza, uliofuatilia watoto kwa miaka, ulionyesha kwamba waliocheleweshewa vyakula vyenye mabonge hadi baada ya miezi 9 walikuwa bado wanachagua chakula wakiwa na miaka 7, wakila matunda na mboga kidogo kuliko wenzao. Jifunzeni kutofautisha mambo mawili. Mtoto anayekohoa, uso mwekundu, ulimi nje, kama anataka kutapika, anafanya kazi yake, mtulie, atakitoa. Anayepaliwa kweli hana sauti. Mdomo wazi, hakohoi, rangi inabadilika. Huyo anahitaji msaada sekunde hiyo hiyo, na namna ya kumsaidia nitawaonyesha kwa mwanasesere tukimaliza. Akina baba, hili msiwaachie wake zenu.

Limebaki kundi moja ambalo maneno yangu ya leo hayalihusu moja kwa moja: watoto njiti. Aliyezaliwa miezi miwili kabla ya wakati hawezi kupimwa kwa hesabu ile ile ya siku 180. Kichwa na ulimi wake vinafuata umri ambao angekuwa nao kama angezaliwa kwa wakati, lakini akiba yake ya chuma ni ndogo zaidi, kwa kuwa alikosa miezi ile ya mwisho tumboni. Ndiyo maana waliozaliwa na uzito mdogo huhitaji matone ya madini chuma mapema, tangu miezi 2, kwa kipimo anachoandika daktari, na siku ya kijiko cha kwanza hupangwa kwa kila mtoto peke yake. Wenye watoto hao msiondoke na wengine. Sogeeni mbele na kadi zenu, tuanze na aliyezaliwa mapema kuliko wote.